Kihenge Kimelala

Fomu ya kuomba kazi ina kurasa mbili tu, na leo ni siku ya tatu nimekaa nayo. Jina nimejaza, shule nimejaza, hata yale maswali ya magonjwa ya ukoo nimeyajibu. Nimekwama kwenye kipengele cha tisa: idadi ya watu wanaokutegemea, kama hakuna andika 0. Nimeandika kwa penseli, nikafuta, nikaandika tena, mpaka karatasi imeanza kuota manyoya mahali pale. Shangazi yangu, ambaye ninakaa kwake hapa Sumbawanga tangu nimalize chuo, alipita na kikapu chake cha sokoni akaniuliza, "Hiyo ni fomu au ni Biblia?" Ningejaza fomu hii mwaka jana, ningeandika 1 bila hata kuinua kichwa. Bibi aliyenilea alikuwa bado hai.

Najua mtu mwenye akili timamu angeandika 0 akaenda zake posta. Tatizo langu ni kwamba niliwahi kusoma habari za neno hilo, sifuri, na kabla ya kulisoma niliwahi kuliandika mahali ambapo sikupaswa kuliandika, kisha nikashindwa kuliandika mahali ambapo nilipaswa. Vyote viwili nilivifanya siku moja, kwa mkono huu huu.

Chuoni mhadhiri wetu wa isimu alitumia kipindi kizima kutueleza sifuri ilikotoka. Waarabu, alisema, walikuwa na neno lao la kitu kitupu, nao walilitumia kutafsiri neno la Wahindi ambalo pia lilimaanisha utupu. Lilipofika pwani yetu likawa sifuri. Wazungu nao walilichukua kwa Waarabu hao hao, wakalipitisha kwenye ndimi zao, likachakaa njiani hadi likawa ziro. Kwa hiyo kijana anayesema ziro kwa majivuno na mzee anayesema sifuri wanatamka neno moja, ila limewafikia kwa njia mbili. Wenzangu waliandika na kufunga madaftari. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Niliporudi likizo nilimuuliza Mzee Salehe, mwenye duka la vitambaa karibu na soko, kama ni kweli. Alisema ni kweli, akaongeza kwamba hata mwezi wa Safar wapo wanaosema uliitwa hivyo kwa sababu zamani watu waliondoka kwenda vitani na kwenye biashara, nyumba zikabaki tupu. "Hivyo ndivyo tulivyosikia," akasema huku akipima kitambaa. "Mungu ndiye ajuaye."

Nikataka kujua na Kifipa. Niliwauliza wazee watatu, siku tofauti, sifuri kwa Kifipa ni nini, na wote watatu walinijibu kwa swali: sifuri ya nini? Mmoja alinionea huruma, akaniuliza ni nini hasa kilichoisha nyumbani. Nilikasirika. Nilidhani hawanielewi. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba hata Kiswahili hakisemi tu kwamba hakuna kitu. Husema hapana kwa pale mahali, hakuna kwa kule, hamna kwa mle ndani. Utupu wetu una anwani. Mtu akisema hamna, anayemsikiliza ana haki ya kuuliza: ndani ya nini?

Mimi naweza kumjibu. Ndani ya kihenge cha bibi yangu.

Nilikuwa darasa la nne. Wazazi wangu walikuwa Kipili, ziwani, wakianika dagaa kwa watu, na mimi na mdogo wangu Kasiano tuliachwa kwa bibi ili nisome. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumehamishwa kutoka kijiji chetu cha zamani kuja kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara. Kule tulikotoka, matuta ya bibi yalikuwa makubwa, ya duara, nyasi zimefukiwa ndani zioze, na ukisimama juu ya kilima yalionekana kama vifaranga wamelala shambani. Kule tulipoletwa nyumba zilipangwa mstari, na mashamba yalikuwa mbali, upande wa pili wa bonde, ya bega kwa bega. Magoti ya bibi yalikuwa yameharibika. Alifika shambani mara moja tu, siku ya kugawiwa, akakaa juu ya jiwe akalitazama, akarudi akiwa ameshikwa mkono na watu wawili.

Siku ya kuhama lori lilibeba vitanda, kuku, mawe ya kusagia na mlango. Kihenge cha fito na udongo hakibebeki. Ulezi uliokuwamo tuliuacha turudi kuuchukua, na tuliporudi tulikuta mvua na mchwa wametutangulia. Kitu pekee kilichonusurika ni kibuyu cha mbegu, ambacho bibi alikipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Mbegu ile aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Ulikuwa ulezi mwekundu sana, karibu na rangi ya udongo wa kichuguu, na ulipokaangwa kidogo kabla ya kusagwa nyumba yote ilinukia. Wanakijiji wenzake walimjengea kihenge kipya nyuma ya nyumba. Kilijengwa vizuri, kikakaushwa, kikafunikwa kofia ya nyasi. Hakikuwahi kupata cha kuwekwa, maana mwaka ule mvua zilikatika mahindi yakiwa kiunoni.

Hapo lazima nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo bibi yangu ataonekana mjinga, naye hakuwa mjinga. Kule tulikotoka hakuna mtu aliyesema kwamba kihenge cha nyumba ni kitupu. Ilikuwa kama kumtabiria mtu kifo. Hata siku chakula kilipokwisha kabisa, konzi moja ya nafaka ilibaki chini, na ukiuliza utaambiwa kihenge kimelala. Kama mtu. Kitaamka mavuno yakija. Mgeni mwenye adabu akisikia hivyo anaelewa, anaaga, na kesho yake anatuma mtoto na kikapu bila kusema ni cha nini. Watu waliishi hivyo miaka mingi na hawakufa kwa njaa, kwa sababu kila aliyesema na kila aliyesikiliza walikuwa wamelelewa nyumba zinazofanana.

Tatizo ni kwamba karatasi haikulelewa huko.

Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, habari zilikuja kwamba serikali italeta mahindi, lakini kwanza iandikwe kila nyumba ina chakula kiasi gani. Mabalozi wengi wa nyumba kumi hawakujua kuandika. Basi Mwalimu Ambakisye, aliyetoka Mbeya na ambaye tulimwogopa kuliko chui, akawachagua wanafunzi kumi wa darasa la nne wenye mwandiko mzuri. Mimi nilikuwa mmoja wao. Alitupa kila mmoja karatasi iliyochorwa mistari, na penseli mpya, akatusimamisha mbele.

"Safu ya kwanza, jina la mwenye nyumba. Ya pili, watu. Ya tatu, debe za nafaka. Kama hamna, andika sifuri. Msiache wazi. Sifuri ni mlinzi wa nafasi. Nafasi isiyo na mlinzi, mtu mwingine ataijaza. Tumeelewana?"

"Ndiyo mwalimu."

"Wewe mwenye sketi iliyochanika, umeelewa?"

"Ndiyo mwalimu," nikasema. Huyo ndiye mimi.

Kweli nilielewa, lakini nilielewa kama mtoto. Sifuri nilikuwa naijua mahali pamoja tu: kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu. Tuliiita yai. Aliyepata yai alikwenda mbele, akainama, na waliobaki wakaambiwa wahesabu viboko kwa sauti. Nilipotoka darasani na karatasi yangu, nilijua nakwenda kusahihisha nyumba kumi. Nilijisikia mrefu. Sasa nikikumbuka ule mwendo wangu wa siku ile, penseli sikioni kama fundi seremala, natamani mtu angenitega mguu.

Nyumba ya kwanza hadi ya nane sikumbuki vizuri. Nakumbuka ya Mama Sabina, jirani yetu wa mlango kwa mlango, mwanamke mwenye sauti ya kengele ambaye mumewe alifariki kabla ya kuhama. Alikuwa anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umekuja na serikali mkononi?"

"Mwalimu ametutuma. Kuna debe ngapi za nafaka?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Nimeambiwa niandike namba, mama."

"Andika tunamshukuru Mungu."

"Si namba."

"Basi kihenge kimelala. Andika hivyo, mwalimu wako ataelewa."

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniruhusu. Nilipanda juu ya kinu, nikainua kofia ya kihenge, nikachungulia. Harufu ya udongo mkavu, na chini kabisa wekundu kidogo, konzi moja. Nikashuka, nikaandika sifuri safi, mviringo, bila kuinua penseli. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hicho ulichoandika ni nini? Mbona kama mdomo wa chungu?"

"Sifuri."

"Ndiyo nini?"

"Kwamba humu hamna kitu."

Mama Sabina aliweka chini ungo wa mboga. Hakupiga kelele. Alinishika sikio, lile lenye penseli, akanivuta hadi kwetu, akanisimamisha mbele ya bibi, ambaye kwa utani aliniita mke mwenza, naye alikuwa amekaa mlangoni akisuka mkeka.

"Mama, huyu mke mwenza wako amekwenda kunichungulia kihenge, kisha amenichorea shimo kwenye karatasi. Mimi na mwanangu tutalala nyumba yenye shimo?"

Bibi aliacha kusuka. "Nisamehe mimi, mwanangu," akamwambia Mama Sabina. "Shule ndiyo inawafundisha kuchungulia."

"Na sasa atachungulia chako pia?"

"Ataandika nitakachomwambia."

Mama Sabina alikwenda. Bibi akaendelea kusuka. Nilikaa chini na karatasi yangu, sikio linawaka. Ilikuwa imebaki nyumba yetu tu.

"Haya, mke mwenza. Andika kwetu chakula kimo."

"Ngapi, bibi?"

"Wewe ndiye msomi. Andika kimo."

Mle ndani hamkuwa na kitu. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote, maana mimi ndiye niliyetumwa kufagia buibui. Kilichokuwapo nyumbani ni kile kibuyu, na mbegu haihesabiwi kama chakula. Mwalimu alisema andika kilichomo. Bibi alisema andika kimo. Na mimi, pamoja na uoga wangu wa wote wawili, nilikuwa na uoga wa tatu ambao sikuwahi kumwambia mtu: kwamba nikiweka mviringo ule mbele ya jina la bibi yangu, nitakuwa nimempa yai. Niliona kabisa karatasi ikifika mjini, mtu mwenye kalamu nyekundu akimwita kwa jina, naye akinyanyuka na magoti yake mabovu, akiinama mbele ya watu. Wengine wasio na kitu niliwapa yai bila huruma. Yeye nilishindwa.

Tulikuwa watu watatu nyumbani. Nikaandika tatu. Ilinijia hivyo tu.

Nimejaribu kumlaumu bibi kwa ile tatu. Nimejaribu kumlaumu Mwalimu Ambakisye, na aliyechora safu zile, na aliyeamua kwamba njaa iulizwe kwa maswali ya mtoto wa darasa la nne. Kila nikimaliza kuwalaumu, namba bado ina mwandiko wangu.

Lori lilikuja na mahindi ya njano. Kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ofisi ya mwenyekiti, na karani aliyekuja na lori akasoma majina. Zilianza nyumba zenye sifuri. Mama Sabina aliitwa wa pili. Alipita karibu yangu na gunia kichwani, shingo imenyooka, hakunitazama. Nyumba sita nilizozipa yai ziliitwa. Kisha karani akakunja karatasi, akasema nyumba zenye akiba zitasubiri awamu ya pili.

Nilimkimbilia bibi nyumbani. "Hatujaitwa. Twende tukaseme."

"Tukaseme nini?"

"Kwamba hatuna."

"Tuseme mimi ndiye niliyedanganya au wewe?"

"Tuseme tu hatuna, bibi!"

"Punguza sauti," akasema. "Kasiano amelala."

Basi nikaenda peke yangu. Karani alikuwa anakunywa chai ndani ya ofisi pamoja na Mwalimu. Nilisalimia, nikasema nataka kubadilisha tatu iwe sifuri. Karani aliangalia karatasi, akacheka kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma hadi leo.

"Tangu lori lifike kila mtu anataka sifuri. Mliandika wiki iliyopita kwamba mna debe tatu. Nyumba ya watu watatu, tena wawili watoto. Zimekwisha lini?"

"Hazikuwapo."

"Nani aliandika?"

Nikamtazama Mwalimu Ambakisye, nikisubiri aseme kitu, kwa sababu yeye alinijua, alijua kwamba sikosei hesabu. Alizungusha kikombe chake. Nadhani alielewa pale pale. Lakini kama angesema mwanafunzi wake aliandika uongo, karatasi zote kumi zingetiliwa shaka, na wenzetu waliokuwa wameshabeba magunia wangeambiwa wayashushe. Hayo nayaona sasa. Siku ile niliona mtu mzima anayezungusha kikombe.

"Rudi nyumbani," akaniambia. "Awamu ya pili itakuja."

Haikuja. Tulikula mboga za majani, tukala maboga ya watu, na mvua za kwanza ziliposhuka tukala kumbikumbi waliotoka kichuguuni. Mama alituma dagaa kutoka Kipili kwa mtu wa lori, kifurushi kikubwa, na nakumbuka hasira niliyokuwa nayo kwa wale dagaa. Mboga imejaa sufuria na ugali haupo. Kasiano aliacha kukimbia. Alikuwa anakaa ukutani kwenye jua kama mzee.

Siku moja asubuhi Mama Sabina alikuja na beseni la unga wa njano. Alilitua mlangoni, akasema akiangalia upande mwingine, "Unga umenizidi, mama. Utaota wadudu." Gunia lenyewe tayari lilikuwa limefika nusu. Bibi akapokea kwa mikono miwili, akamuuliza habari za Sabina na kikohozi chake, wakazungumza mambo ya kuku. Hakuna aliyetaja njaa.

Tulipika. Kasiano alikula hadi akalala kijiko kikiwa mkononi. Kisha bibi akaniambia nirudishe beseni, lakini kabla sijanyanyuka alivuta kile kibuyu kutoka chini ya kitanda, akafungua kizibo, akamimina konzi ya ulezi ndani ya beseni.

"Bibi, hiyo ni mbegu."

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

"Weka kitu kingine."

"Kipi?"

Nilitazama nyumba yote. Hakikuwapo. Nikapeleka.

Kila wiki beseni lilikuja na unga, na kila wiki lilirudi na konzi ya ulezi mwekundu. Kibuyu kilipokuwa kimefika chini nilishindwa kuvumilia. Nilikishika, nikakikumbatia, nikamwambia haondoki nacho. Bibi hakunivuta. Alikaa kitandani akayakanda magoti yake.

"Mke mwenza, nikuulize. Nani atakwenda kuupanda? Wewe una shule. Mimi bonde silivuki. Yule ana miguu, ana shamba, ana mikono miwili ya kazi. Kwangu mbegu itakufa na mimi. Kwake itaota."

"Umemwambia aipande?"

Bibi alinitazama kama nimemuuliza kama jua hutoka asubuhi. "Mtu anaona ulezi mwekundu namna ile, mkavu, uliochaguliwa punje kwa punje, unamwambia nini?"

Kibuyu kilikwisha wiki mbili kabla ya watu kuanza kusia. Bibi alikitundika ukutani, akaonekana mwepesi. Tangu siku ile alianza kuuliza mvua, akikadiria kwa vidole: sasa umechipua, sasa umepata jani la pili. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya karatasi, nililala bila kuhesabu makosa yangu. Nilijiambia mbegu iko salama.

Mahindi yalipofika kiunoni shule ilitupeleka ng'ambo ya bonde kupalilia shamba la kijiji. Wakati wa kupumzika nilikwenda hadi shamba la Mama Sabina. Lilikuwa la mahindi. Nilizunguka ukingo hadi ukingo, nikaingia katikati, nikadhani labda ameupanda nyuma ya kichuguu. Mahindi tu. Yeye mwenyewe alikuwa akipalilia, Sabina yuko kivulini.

"Mama, ulezi uliupanda wapi?"

"Ulezi gani?"

"Ule wa kwenye beseni."

"Ah, ule." Akajifuta jasho. "Ule tulisaga, nikampikia Sabina uji. Ndio uliomtoa kikohozi. Mtamu, sijawahi kuona. Mwambie bibi yako nilishukuru sana."

"Wote?"

"Konzi moja moja ile, ungebaki wapi?"

"Ilikuwa mbegu," nikasema. "Ya mama yake na mama yake. Alikupa uipande."

Mama Sabina aliacha jembe lisimame lenyewe kwenye udongo. Nilitaka nimpige. Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka kumpiga mwanamke aliyetulisha. Alipozungumza, sauti yake ya kengele ilikuwa imeshuka.

"Mbona hakusema?"

Nilitazama mahindi.

"Na wewe uliyekuwa unaleta beseni, wewe mwenye kuandika kila kitu, mbona hukusema?"

Hilo ndilo swali ambalo nimelizunguka miaka yote hii, nikalikimbilia mpaka kwenye maneno ya Waarabu na Wahindi. Nilisema pale palipotakiwa ninyamaze, mbele ya kihenge chake. Nikanyamaza pale palipotakiwa niseme, mara ya kwanza kwa penseli, halafu kila wiki, na beseni kichwani. Nafikiri nilidhani nimejifunza adabu. Nilidhani hivyo ndivyo watu wanavyoelewana.

Siku hiyo nilirudi jioni jua likiwa bado juu ya nyumba. Bibi alikuwa mlangoni, Kasiano kati ya miguu yake, amenenepa kidogo mashavu. Hakuniuliza habari za shule.

"Umepita kwa Mama Sabina?"

"Nimepita."

"Umeota?"

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Nilikuwa nimeitengeneza njiani kote, nikavuka nayo bonde. Nikamtazama, nikasema, "Umeota, bibi."

"Umefika wapi?"

Nikainama, nikaweka kiganja chini kidogo ya goti langu. Alikitazama kiganja kile kwa makini, kana kwamba anaona majani.

"Basi umechelewa kupaliliwa," akasema. "Magugu ya ulezi yanafanana na ulezi wenyewe, asiyejua atang'oa vyote. Nenda kamwambie aanze upesi, na apalilie kwa mkono, asitumie jembe karibu na shina. Nenda sasa, ameshafika nyumbani."

Nilisimama. Nilitaka kusema nimechoka. Bibi akanisukuma mgongoni kwa vidole viwili, kwa mzaha, kama alivyozoea kumsukuma mke mwenza wake, na nikaenda, hatua thelathini, nikiwa na hasira hadi machozi, sijui kwa nani.

Mama Sabina alikuwa ananawa miguu. Nilimpa ujumbe wote kama nilivyotumwa, neno kwa neno, hata habari ya magugu na jembe. Alinisikiliza hadi mwisho. Alitazama juu ya bega langu, kule bibi alikokuwa amekaa anatuangalia, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua.

"Mwambie nimesikia," akasema. Kisha akainua sauti, ile ya kengele, ivuke uwanja wote. "Naanza kesho asubuhi, mama. Kwa mkono."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Mama Sabina aliingia ndani, akatoka na kapu la kupalilia, na akalitundika nje, juu ya mlango, mahali ambapo kutoka kwetu lilionekana.